UZI: Angela Buxton, bingwa wa Wimbledon 1956 ambaye tumemwacha nyuma ya jina la Althea Gibson

Mwalimu wa Raketi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha tenisi watoto wa mtaani kwetu, Jumanne na Alhamisi jioni. Wiki iliyopita niliwagawia karatasi yenye historia fupi ya Althea Gibson, mwanamke wa kwanza mweusi kutwaa ubingwa wa Wimbledon. Binti mmoja wa miaka kumi na mbili akanishika mkono: "Mwalimu, hapa umeandika 1956 alishinda wawili wawili. Alicheza na nani?" Nikatazama karatasi. Kweli, nilikuwa nimeandika jina moja. Wawili wawili, jina moja! Limenikaa moyoni wiki nzima, na ndiyo maana ya uzi huu.

Aliyecheza naye ni Angela Buxton, Mwingereza, mzaliwa wa Liverpool, 16 Agosti 1934. Familia yake ni ya Kiyahudi, babu na bibi zake walihamia Uingereza kutoka Urusi. Baba yake, Harry, alikuwa na majumba ya sinema, kwa hiyo pesa haikuwa shida kubwa nyumbani. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu anaweza kudhani nakuja na hadithi ya mtoto maskini. Hapana. Hii ni ya mtoto mwenye uwezo, mwenye kocha, mwenye raketi nzuri, aliyefika mlangoni akaambiwa huingii.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, mama yake alimchukua yeye na kaka yake wakaenda kukaa Johannesburg. Walirudi Uingereza mwaka 1946, wazazi wakaachana, Angela akapelekwa shule ya bweni Llandudno, Wales ya kaskazini, na baadaye akahamia London na mama yake, mtaa wa Hampstead. Karibu na nyumbani kulikuwa na klabu ya tenisi ya Cumberland. Alikuwa anafundishwa hapo hapo, anawapiga wachezaji wa hapo hapo, akaomba uanachama. Akajaza fomu. Kimya. Akajaza tena. Kimya. Mwisho kocha akamweleza wazi kwamba uwezo anao, ila ni Myahudi, na klabu haichukui Wayahudi.

Alikuwa msichana tu wakati huo.

Alipofikisha umri wa miaka 18 au hivi, yeye na mama yake walivuka hadi Los Angeles ili anoe mchezo kwenye jua na viwanja vizuri. Klabu kubwa ya tenisi ya mji ule nayo ilimwondoa ilipogundua dini yake. Akahamia viwanja vya umma vya La Cienega, akaendelea kupiga mpira.

Kabla hajawa mtu, kuna siku Bournemouth alikutana na Mmarekani Doris Hart, mmoja wa wanawake bora duniani wakati ule, akapigwa sita bila, sita bila. Wanaocheza wanajua maana yake. Unatoka uwanjani hujapata hata gemu moja, na watu wamekaa pale wanakuangalia ukikusanya raketi zako. Angela alitaka kuacha tenisi kabisa. Akajiambia acha nicheze mashindano ya mwisho, Michezo ya Maccabiah, mashindano ya Wayahudi wa dunia nzima, kule Israel mwaka 1953. Akarudi na dhahabu mbili, na kwenye fainali ya mmoja mmoja alimtoa Anita Kanter wa Marekani, ambaye hakuwa mchezaji wa kubahatisha.

Kutoka hapo ngazi zikapandwa haraka. Kocha wake akawa Jimmy Jones, mchezaji wa zamani na mwandishi wa tenisi, mtu wa kupanga mchezo kwenye karatasi kabla ya kuupeleka uwanjani. Angela hakuwa na kipaji cha kuwaka kama Althea. Hakuwa na mkwaju wa kutisha. Alikuwa na kichwa na saa nyingi za mazoezi. Mwaka 1956 alihesabiwa wa tano kwa ubora duniani.

Naenda kula, nitarudi na sehemu ya Paris.

Bi Ukuta

Mwalimu, shukrani kwa uzi. Nilikuwa najua picha ile ya wasichana wawili na kombe, mmoja mweusi mrefu, mmoja mweupe, sikuwahi kujua jina la mweupe. Walikutanaje hawa wawili? Maana mmoja Harlem, mmoja London.

Mwalimu wa Raketi

Nimerudi.

Bi Ukuta, walikutana New Delhi. Mwishoni mwa 1955 serikali ya Marekani ilituma wachezaji wanne kuzunguka Asia kwa ziara ya kirafiki, na Althea alikuwa mmoja wao. Angela naye alikuwa India kwenye mashindano. Althea alikuwa na miaka 28, ameshacheza mashindano ya taifa ya Marekani tangu 1950, baada ya bingwa wa zamani Alice Marble kuandika barua gazetini akiwakemea wenzake kwa kumfungia mlango. Alifunguliwa mlango, lakini ndani hakuna aliyemvutia kiti. Kwenye wawili wawili lazima mtu akuombe, au umwombe akubali. Wengi walikuwa na jozi zao tayari. Angela naye hakuwa na foleni ya watu wanaomtaka. Jimmy Jones ndiye aliyemwambia Angela: kwa nini usicheze na Althea? Akamwomba, akakubaliwa.

Sasa waangalieni uwanjani. Althea karibu futi sita, sevu yake, ule mpira wa kuanzisha pointi, inashuka kama inatoka darini, halafu hatua tatu yuko kwenye neti na mkono mrefu unaokata kila kitu. Angela yuko nyuma, anarudisha, anarudisha, anaweka mpira mahali ambapo mpinzani hana la kufanya ila kuuinua. Ukiuinua tu, Althea yuko pale. Wanaocheza wawili wawili wanajua jozi ya namna hiyo inavyochosha. Ukikimbia mmoja unaangukia kwa mwingine.

Mei 1956, Paris, mashindano ya Ufaransa, udongo mwekundu. Kwenye mmoja mmoja walikutana wao kwa wao nusu fainali. Angela alichukua seti ya kwanza 6-2, Althea akajibu 6-0, 6-4. Katikati ya mechi ile Angela mwenyewe amewahi kusimulia jambo ambalo mimi huwa nalirudia kwa wasichana wangu: mkanda wa sidiria ya Althea ulikatika. Umati upo, hakuna pa kujificha. Angela akaruka upande wa pili, akamkinga kwa mwili wake, wakatoka pamoja kwenda kubadilisha. Kanuni zilikuwa kali kuhusu kutoka uwanjani, na angeweza kudai mechi. Hakuudai ushindi wa namna ile. Wakarudi, wakacheza, akafungwa.

Althea akaenda kumpiga Mwingereza mwingine, Angela Mortimer, kwenye fainali 6-0, 12-10, na huo ukawa ubingwa mkubwa wa kwanza kwa mchezaji mweusi. Kisha wawili hawa wakachukua ubingwa wa wawili wawili mbele ya Darlene Hard na Dorothy Knode: 6-8, 8-6, 6-1. Vijana watashangaa hizo nane. Hakukuwa na taibreki, ile gemu fupi ya kuamua seti, Wimbledon iliianza 1971. Seti iliendelea mpaka mmoja aongoze kwa gemu mbili, hata kama ni mpaka giza.

Wiki chache baadaye Wimbledon, nyasi: walimaliza fainali mbele ya Waaustralia Fay Muller na Daphne Seeney, 6-1, 8-6.

Seti Tatu

Mleta uzi, heshima kwako, ila nina neno. Nimeangalia droo ya mmoja mmoja ya Wimbledon 1956. Robo fainali Buxton alipita kwa ushindi wa mezani. Beverly Fleitz alijitoa. Na Fleitz alikuwa fainali mwaka uliotangulia. Kwenye fainali Shirley Fry akamnyoosha 6-3, 6-1. Je, hatumpambi kupita kiasi? Na bila Althea angeshinda kombe gani?

Mwalimu wa Raketi

Seti Tatu, swali zuri na nalichukulia kwa uzito.

Ushindi wa mezani ni kweli. Fleitz aligundua ni mjamzito, akajitoa. Kama wangecheza, wengi wangempa Fleitz, na mimi pia. Nusu fainali ilikuwa ya uwanjani hata hivyo, alimpiga Mwingereza mwenzake Pat Ward 6-1, 6-4. Fainali alizidiwa, hakuna ubishi. Fry siku zile alikuwa na moto: alishamtoa Althea robo fainali, akamtoa Louise Brough aliyekuwa bingwa mtetezi, na akachukua hata kombe la mchanganyiko, mwanamke na mwanamume, pamoja na Vic Seixas, tena dhidi ya Althea na Gardnar Mulloy.

Lakini tazama kilichokuwa kimetangulia. Mwingereza wa kike wa mwisho kufika fainali ya mmoja mmoja alikuwa Kay Stammers, mwaka 1939. Baada ya vita, kuanzia 1946 hadi 1955, kila fainali ya wanawake pale ilikuwa Mmarekani kwa Mmarekani. Miaka kumi mfululizo wenyeji wanakaa kwenye majukwaa yao wakiwapigia makofi wageni. Aliyevunja hilo ni binti ambaye klabu ya mtaani kwake ilimkatalia fomu. Mortimer alifika fainali 1958, akachukua ubingwa 1961, na anastahili kila neno jema linalosemwa juu yake. Ila wa kwanza kurudi kwenye fainali ile ni Buxton.

Hilo la "bila Althea" sikubaliani nalo hata kidogo. Ligeuze: kabla ya Paris 1956 Althea alikuwa na kombe gani kubwa? Hakuna, la mmoja mmoja wala la wawili. Simaanishi Angela alimfanya bingwa. Althea angefika tu. Nasema jozi ni jozi. Ukishinda na mtu, ushindi haugawanyiki ukapata nusu yako.

Baada ya fainali gazeti moja la Uingereza liliweka kichwa cha habari kwamba makundi ya wachache yameshinda. Angela alikuwa akikumbuka kwamba herufi zake zilikuwa ndogo, kana kwamba hawakutaka mtu aone.

Seti Tatu

Nimekuelewa kuhusu 1939. Hiyo sikuijua. Naondoa neno "kupamba".

Kano na Mfupa

Mimi ni mtu wa tiba ya viungo, ngoja nichangie kwenye sehemu ambayo naona hamjaigusa. Kwa nini aliacha mapema? Kwa sababu ya kifundo cha mkono wa kulia. Agosti 1956, akiwa Marekani, wiki chache tu baada ya Wimbledon, alipata uvimbe kwenye ala ya kano.

Kano ni kamba inayounganisha msuli na mfupa. Pale kwenye kifundo kano zinapita ndani ya ala, kama waya ndani ya bomba jembamba, na mna ute unaozilainishia njia. Ukirudia mwendo uleule maelfu ya mara, ala inavimba, njia inabana, kano haitelezi tena. Mgonjwa akikunja kidole gumba na kugeuza kiganja anaona nyota. Nimewashika wagonjwa wa hivi, mafundi cherehani na wapishi wa chapati, ukiweka kidole juu ya kano unaisikia inakwaruza kama mchanga mkavu.

Sasa fikiria raketi ya mbao ya wakati ule. Nzito, kichwa kidogo, ukiupiga mpira nje kidogo ya katikati, mtetemo wote unaingia mkononi. Na huyu mlivyomweleza ni mtu wa kurudisha mipira saa nzima, si wa kumaliza pointi kwa mikwaju miwili. Mkono wake ulifanya kazi mara mbili ya mkono wa Althea. Leo tungempumzisha, tungemfunga kifundo, tungebadilisha mshiko na nyuzi, na pengine upasuaji mdogo wa kufungua ala. Zamani ilikuwa pumzika uone.

Mwalimu wa Raketi

Kano na Mfupa, umenifungua macho. Hilo la mkono wa mtu wa kurudisha sikuwahi kulifikiria, na nina binti mmoja hapa anayecheza hivyohivyo. Kesho naanza kumpunguzia mipira.

Ndiyo, aliacha 1957, akiwa na miaka 22. Ishirini na mbili! Mwaka mmoja kabla alikuwa na makombe mawili makubwa na fainali. Aliolewa 1959 na Donald Silk, mwanasheria, wakapata watoto watatu, wakaachana mwaka 1970. Alifundisha, aliandika juu ya tenisi, na akafungua kituo cha kufundishia Hampstead, ndani ya mtaa uleule wa fomu.

Mzee wa Neti

Watoto wangu, niwaulize. Bingwa wa Wimbledon si anapewa uanachama wa ile klabu yenyewe, All England? Huyu mama naye walimpa?

Mwalimu wa Raketi

Shikamoo mzee. Hakupewa. Wanaopata uanachama wa heshima kwa kawaida ni mabingwa wa mmoja mmoja. Wa wawili wawili hawana njia hiyo ya moja kwa moja, inabidi waombe kama wengine na wasubiri. Angela aliomba tangu miaka ile ya hamsini na akasubiri mpaka uzeeni. Mwenyewe alisema wazi kwamba anaamini ni kwa sababu ya Uyahudi wake. Alifariki 14 Agosti 2020, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 86, hakuwa mwanachama.

Mzee wa Neti

Marahaba. Miaka zaidi ya sitini kwenye foleni. Mungu ampumzishe.

Bi Ukuta

Nimesikia kwamba Althea alikufa maskini na huyu rafiki yake akamsaidia. Ni kweli? Na inakuwaje bingwa wa Wimbledon mara mbili awe maskini? Leo wanaotolewa raundi ya kwanza tu wanaondoka na pesa za kujengea nyumba.

Seti Tatu

Hilo naweza kulijibu, Mwalimu akiniruhusu. Zama zile ilikuwa tenisi ya ridhaa. Bingwa alipewa kombe, makofi na vocha ya dukani. Ukichukua pesa umejifukuza mwenyewe, hutagusa Wimbledon tena. Althea alitwaa Wimbledon na ubingwa wa Marekani 1957 na 1958, akajitangaza mchezaji wa kulipwa, akawa anacheza mechi za maonyesho kabla ya mechi za timu ya kikapu ya maonyesho, Harlem Globetrotters. Baadaye akahamia gofu. Milango ya kulipwa kwenye mashindano makubwa ilifunguliwa 1968, akiwa ana miaka 40. Akawa amepishana nayo.

Mwalimu wa Raketi

Asante Seti Tatu, umeijibu vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Bi Ukuta, ni kweli. Miaka ya tisini Althea alikuwa East Orange, New Jersey, ameshapata kiharusi, hana pesa ya kodi wala ya dawa, amejifungia ndani hataki watu wamwone. Mwaka 1995 alimpigia simu Angela. Alizungumza kama mtu anayeaga. Alikuwa amekata tamaa ya kuishi. Angela hakumwacha akate simu. Akalipa kodi ya nyumba kutoka mfukoni mwake, akalipa na dawa, halafu akaona mfuko wa mtu mmoja hautoshi. Bila ya Althea kujua, akapanga barua ichapishwe kwenye jarida la Tennis Week, ikieleza hali ya bingwa huyu na mahali pa kutuma msaada.

Bahasha zikaanza kuingia kutoka kila upande wa dunia. Angela alisafiri mpaka East Orange kumsaidia kuzifungua. Mwisho wa hesabu zilikaribia dola milioni moja. Althea akaishi mpaka 28 Septemba 2003.

Nataka mlione jambo moja hapa. Walicheza pamoja miezi michache tu ya mwaka 1956. Kati ya kombe lile na ile simu ni karibu miaka arobaini. Hebu kila mmoja wetu afikirie namba ya simu ya mtu aliyecheza naye mpira miaka arobaini iliyopita.

Kisha tarehe 26 Agosti 2019, pale New York kwenye viwanja vya mashindano ya wazi ya Marekani, ilizinduliwa sanamu ya Althea. Angela alikuwepo, miaka 85, amevuka bahari kuja. Alikuwa ameipigania heshima ile kwa muda mrefu. Na mwaka 2015 yeye mwenyewe aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya tenisi ya watu weusi ya Marekani, Myahudi wa Liverpool.

Kano na Mfupa

Mwalimu, la mwisho. 1957 Althea alitetea kombe la wawili wawili. Kama mkono wa Angela ulikuwa umekwisha, alicheza na nani?

Mwalimu wa Raketi

Na Darlene Hard, yule waliyemfunga Paris. Wakashinda. 1958 akashinda tena na Maria Bueno wa Brazil.

Ila wiki zile mbili za 1957, alipochukua ubingwa wa mmoja mmoja kwa mara ya kwanza na malkia kumkabidhi sahani, Althea hakukaa hotelini. Alikuwa analala kwenye fleti ya Angela, London. Kila asubuhi alitokea hapo na raketi zake kwenda Wimbledon.